Wanuri Kahiu: Mwelekezi aliyehukumiwa kabla ya kutazamwa

WAHENGA walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hawakusema lolote kuhusu mwenye macho anayeambiwa asitazame, kisha akaulizwa maoni yake.

Hiyo ndiyo hali iliyomkumba mtazamaji Mkenya mnamo Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini (KFCB) ilipopiga marufuku filamu ya ‘Rafiki’ yake Wanuri Kahiu. Filamu hiyo inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana kisiasa. Bodi ilisema kwamba ilinuia kuhalalisha usagaji, kinyume na sheria za nchi.

Papo hapo kila mtu akawa mhakiki. Katika matatu, misikitini, makanisani na redioni, mwelekezi huyu alisifiwa na kushutumiwa kwa kiwango ambacho ni wasanii wachache wa humu nchini wamewahi kukishuhudia. Meza yetu ya uhariri ilipokea barua za pande zote mbili. Nilizipitia kwa makini, na jambo moja likanishangaza: aghalabu hazikutaja hata tukio moja la ndani ya filamu yenyewe. Kinaya ni kwamba mjadala mkubwa kuwahi kuzuka kuhusu filamu ya Kenya uliendeshwa na watu ambao hawakuwa wameitazama.

Isitoshe, wengi wa waliochangia hawakujua kwamba mwanamke huyo alikuwa na kazi nyingine. Msanii hupimwa kwa jumla ya kazi zake, jinsi mkulima apimwavyo kwa misimu kadhaa wala si kwa gunia moja. Basi ni vyema turejee nyuma.

Kahiu alitoa ‘From a Whisper’, filamu inayotokana na shambulizi la bomu la Agosti 7, 1998, katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, ambapo watu zaidi ya 200 waliangamia. Ndani yake, msichana mchoraji aitwaye Tamani anatafuta ukweli kuhusu mamaye, naye Abu, afisa wa ujasusi, anabeba mzigo wa kumpoteza rafiki aliyejiunga na washambulizi. Mnamo 2009 filamu hiyo ilizoa tuzo tano za Afrika (AMAA), zikiwemo za filamu bora na mwelekezi bora.

Maoni ya walioitazama yamekuwa ya aina mbili. Wapo wanaoishukuru kwa kuwapa nafasi ya kuomboleza, kwani taifa lilizika wafu wake upesi na kurejea kwenye shughuli zake. Wengine wanaona kuwa mwendo wake ni wa polepole na kwamba wahusika wanaeleza kwa maneno yale ambayo yangeonyeshwa kwa vitendo. Lawama hiyo ina mashiko. Hata hivyo, ni lawama ya mtu aliyetazama.

Kisha ikaja ‘Pumzi’, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance nchini Marekani mnamo 2010. Hapa tunapelekwa katika siku zijazo, baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, wanasafisha jasho na mkojo wao ili wapate ya kunywa, na kuzalisha umeme kwa nguvu za miili yao. Asha, mhifadhi wa makavazi, anapata udongo wenye uhai na kuamini kwamba mmea unaweza kuota nje. Wakuu wanamkataza. Anatoroka, anavuka jangwa na kuupanda mche kwa maji yake ya mwisho.

Wapenzi wa hadithi za kisayansi waliishangilia, kwa kuwa hawakuwa wamezoea kumwona Mwafrika akiwekwa katikati ya simulizi za kesho. Wengine walilalamika kuwa ni fupi mno na kwamba ilipigwa Afrika Kusini. Lakini Mkenya anayejua historia ya Wangari Maathai hawezi kukosa kuona mizizi yake. Ama kwa hakika, Kahiu ndiye aliyeelekeza ‘For Our Land’, makala ya video kuhusu mshindi huyo wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004.

Anayezitazama kazi hizi kwa mfuatano hatachelewa kuona uzi mmoja unaozishona. Tamani hakubali kimya cha watu wazima. Asha hakubali kuambiwa kwamba nje hakuna uhai. Kena hakubali kuchaguliwa wa kumpenda. Kila mara kuna mwanamke kijana, kuna mpaka uliochorwa na wakubwa, na kuna hatua ya kuuvuka. Kwa hivyo, wanaodai kuwa ‘Rafiki’ ilitengenezwa ili kuzua kelele pekee wanapaswa kueleza ni kwa nini inashabihiana mno na filamu zilizoitangulia, ambazo hazikumuudhi yeyote.

Chanzo cha ‘Rafiki’ chenyewe hakiko mbali nasi. Ni hadithi fupi ‘Jambula Tree’ ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iliyotwaa Tuzo ya Caine mnamo 2007. Mnamo Mei 2018 filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Mwaka uliofuata, Samantha Mugatsia aliyeigiza Kena alituzwa kama mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO nchini Burkina Faso.

Kuna malalamishi mawili yanayostahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni kwamba mwelekezi huyu huwatengenezea wazungu wa matamasha. Ni kweli kwamba ‘Rafiki’ ilitegemea washirika kutoka Ulaya na Afrika Kusini. Lakini mwenye filamu huenda kule fedha ziliko, na humu nchini fedha za kutengeneza filamu ni haba. Anayetaka hadithi zetu zisimuliwe kwa ajili yetu hana budi kuuliza pia ni nani atakayezigharimia.

La pili ni la wazazi na viongozi wa dini waliohofia maadili ya watoto. Hofu yao si ya kupuuzwa, na katiba inawapa haki ya kuisema. Sheria zenyewe ziko upande wao kwa kiasi fulani: mnamo Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha uhusiano wa jinsia moja. Hata hivyo, kusimulia jambo si kulitenda. Filamu ngapi zinazoonyesha wizi na mauaji huruhusiwa kwa watu wazima pasi na mtu kudai zinahalalisha wizi na mauaji?

Kazi ya kuainisha ni kumweleza mzazi filamu inamfaa nani. Kahiu amesimulia kwamba alitakiwa kubadilisha mwisho wa hadithi kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Iwapo ndivyo ilivyokuwa, basi kilichokataliwa si picha chafu bali ni tumaini. Hapo bodi inakuwa imeacha uainishaji na kushika kalamu ya mtunzi.

Sheria iliyotumika, ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ilitungwa 1962, kabla ya uhuru. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanii. Nyaraka hizo mbili zilikutana mahakamani Septemba 2018, Jaji Wilfrida Okwany aliposimamisha marufuku kwa siku saba, filamu ionyeshwe kwa watu wazima pekee. Jaji hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi ya maadili yake ingetikiswa na filamu.

Katika siku hizo saba, kumbi zilijaa. Walioingia walitoka na maoni ya namna tofauti na yale tuliyoyasoma kwenye barua. Baadhi walisifu rangi za mitaa na uigizaji wa Mugatsia na Sheila Munyiva. Baadhi waliona hadithi ni nyepesi na kwamba wanasiasa wale wawili hawakuchorwa vya kutosha. Wapo waliobaki na msimamo wao wa kidini, ila sasa waliweza kusema ni tukio lipi lililowakera. Hakuna jamii iliyoporomoka wiki hiyo.

Kisha mlango ukafungwa. Mnamo Aprili 2020 Mahakama Kuu ilikataa kuiondoa marufuku hiyo.

Kahiu naye hakungoja. Mnamo 2022 alielekeza ‘Look Both Ways’ ya Netflix, hadithi ya msichana Mmarekani ambaye maisha yake yanagawika njia mbili. Mashabiki wake wa awali wanasema ni tamu lakini haina makali ya ‘Pumzi’, nami naafikiana nao. Lakini tunapomlaumu kwa kuhamisha kipawa chake ughaibuni, tukumbuke ni wapi alikofungiwa mlango.

Si lazima Mkenya azipende filamu za Wanuri Kahiu. Mhariri huyu mwenyewe ana zile anazozipenda na zile anazoziona pungufu. Linalotakikana ni kwamba mtu mzima apewe fursa ya kuketi, kutazama hadi mwisho, kisha aseme hapendi, na ataje sababu. Taifa linalozoea kuhukumu lisichokiona halitakomea kwenye sinema. Litafanya vivyo hivyo kwa vitabu, kwa magazeti, na hatimaye kwa majirani.