Mashine Imuulize Mwanafunzi, Isimjibie



Ndugu wasomaji, hapa Kahendero, kando ya Ziwa George, tunafurahi kijana wetu anapokwenda kusomea udaktari. Siku hizi wanafunzi wengi hujifunza kwa akili bandia kama ChatGPT, iliyotoka mwaka 2022. Wazazi wanatuuliza: je, inafaa?

Tuanze na jambo la kwetu. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliletwa kutoka Kongo, akafikishwa hospitali ya Kagando. Katika wilaya hii mgonjwa wa homa tunamdhania malaria. Wahudumu wa Kagando waliishuku Ebola. Mtoto akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 kipimo kikathibitisha. Alifariki, lakini ugonjwa haukuenea kwa majirani zetu. Alhamdulillahi.

Huko ndiko kufikiri kwa tabibu: kukusanya dalili, kutaja maradhi yanayowezekana, kisha kuyapima moja moja. Al-Razi alifanya hivyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita alipotofautisha ndui na surua.

Sasa, mtoto wa madrasa akisomewa tu, hahifadhi. Huhifadhi anaposoma yeye, mwalimu akamsikiliza na kumsahihisha. Na mashine ni hivyo hivyo. Mwanafunzi anayeiuliza "huu ni ugonjwa gani?" amepata jibu, hakupata elimu. Aiambie: wewe uwe mgonjwa, mimi nikuhoji; usinipe jibu mpaka nitoe langu pamoja na sababu zake.

Wapo wanaotaka ipigwe marufuku. Hatukubaliani nao. Mwalimu mmoja ana wanafunzi wengi, na usiku wa manane hayupo. Lakini mashine huweza kusema uongo kwa ulimi wa yakini, wala haijashika tumbo la mgonjwa. Kwa hiyo kila alichojifunza huko akipeleke kwa mwalimu wake asubuhi.

Tena, jina na siri ya mgonjwa wa kweli visiingizwe humo. Hiyo ni amana, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 nayo inalinda habari za watu.

Enyi wazazi, mkimpigia simu kijana wenu chuoni, msimuulize alama peke yake. Muulizeni: umejuaje? Akishindwa kueleza, bado hajajua, na kesho atakayelala mbele yake huenda ni mmoja wetu.

Wabillahi tawfiq.