Donge la kooni: kabla ya kumshitaki jirani, tazama saa ya kula

Malemba-Nkulu, sawa na mahali pengi katika jimbo la Haut-Lomami, mtu akisema kwamba kuna kitu kimemkwama kooni, kitu ambacho hakishuki hata akimeza mate mara kumi, ni mara chache watu kumuuliza alikula nini au alilala saa ngapi. Wanamuuliza alikula kwa nani.

Ulizo hilo moja linatosha kuvunja jamaa. Mgonjwa anaanza kukumbuka: siku ile ya matanga, kopo la munkoyo alilopewa na shemeji, samaki ya mama mkubwa. Wiki mbili zikipita, donge bado liko, na jina la mtu limekwisha kutajwa. Huko Kivu watu wana jina kabisa la sumu hiyo ya polepole, wanaiita karuho. Na inchi hii inajua mambo hayo yanaishia wapi: katika mwezi wa 9 mwaka 2021, wanawake waliuawa na watu wenye hasira huko Kivu Kusini kwa kushitakiwa uchawi tu. Hakuna anayesema sumu haiko duniani. Lakini sumu inayomwacha mtu anakula bukari vizuri, anafanya kazi, hakondi, na inamsumbua tu wakati wa kumeza mate, hiyo ni sumu ya ajabu.

Hali hiyo waganga wa hospitali wanaijua tangu zamani sana. Mwaka 1707 mganga mmoja Mwingereza, John Purcell, aliielezea kwa makini katika kitabu chake. Alama yake kubwa ni hii: mate yanakwama, chakula kinapita. Mtu akianza kula, donge linapungua au linapotea kabisa, akimaliza, linarudi. Kama kungekuwa na kitu cha kweli kimeziba koo, tonge la bukari ndilo lingekwama kwanza, si mate.

Sababu ziko nyingi, lakini moja inayoonekana sana ni asidi ya tumbo kupanda juu. Kati ya tumbo na njia ya chakula kuna msuli unaojifunga kama mdomo wa mfuko. Ukilegea, maji makali ya tumbo yanapanda, na yakifika karibu na koo yanaiunguza ngozi laini ya pale. Misuli ya koo nayo inajikaza. Kule kukaza ndiko mtu anakosikia kama donge. Wengi hawasikii moto wowote kifuani, kwa hiyo hawafikirii tumbo hata kidogo. Wanasikia tu koo, sauti inayokwaruza asubuhi, na hamu ya kukohoa-kohoa. Tena wasiwasi unalikaza koo zaidi. Ndiyo maana mtu aliyeambiwa kwamba amerogwa anaanza kuumwa zaidi siku ileile. Maneno ya majirani yanaongeza ugonjwa, na hapo hakuna uchawi.

Sasa mtu atazame namna siku inavyopita kandokando ya Lualaba. Mvuvi anatoka gizani, mama anashinda sokoni, mchimbaji anashinda shimoni. Mchana ni muhogo wa kuchoma au hakuna kitu. Chakula cha kweli ni kimoja, usiku: bukari nyingi, samaki wa mafuta, pilipili. Wanaume wengine wanaongeza lutuku na sigara. Halafu, kwa sababu umeme hakuna na mwili umechoka, wote wanalala palepale, tumbo likiwa limejaa mpaka juu. Ukimlaza mtu namna hiyo, maji ya tumbo yana njia wazi ya kupanda. Si kosa la mtu, ni maisha yalivyo, lakini hapo ndipo pa kuanzia. Wanawake wenye mimba wanapata taabu hiyo zaidi, nao wasishitaki mtu.

Badala ya kuanzia hapo, wengi wanakwenda kwa mtu wa kukata kimio, kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Desturi hiyo iko Kivu Kusini, iko Tanzania, na imekwisha kuleta damu isiyokatika, pepopunda na magonjwa ya wembe mmoja unaotumiwa kwa watu wengi. Kimio hakina kosa lolote katika jambo hili. Kukikata hakuzuii asidi kupanda.

Wengine wanakimbilia kwa muuza dawa wa sokoni. Anayechukua antibiotiki anapoteza feza, maana hapa hakuna mdudu wa kuua kooni. Anayechukua ibuprofen, diclofenac au aspirini anajifanyia vibaya zaidi, kwa sababu dawa hizo zinachubua tumbo. Omeprazole ni dawa ya maana kwa mwenye kiungulia cha kweli, ikimezwa karibu nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, si usiku baada ya kushiba. Lakini hata hiyo isisifiwe kupita kiasi. Huko Uingereza watu 346 wenye taabu ya koo ya muda mrefu walifuatiliwa kwa wiki 16. Wengine walipewa lansoprazole, ndugu ya omeprazole, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: vikundi vyote viwili vilipata nafuu karibu sawasawa. Kwa mzazi anayetaka kuuza mbuzi anunue vidonge vya miezi sita, habari hiyo ina faida kubwa. Donge peke yake, bila kiungulia, mara nyingi linapungua polepole mtu akiacha kuliogopa.

Mambo yanayosaidia hayana bei. Kula mapema, kama masaa matatu kabla ya kulala. Kama jua halikuruhusu, basi bukari ya usiku ipunguzwe na nyingine iliwe mchana. Kuinua kitanda upande wa kichwa kwa matofali, sentimeta 15 hadi 20. Ni kitanda chenyewe kinachoinuliwa; kupanga mito mingi kunakunja tumbo tu. Kulalia ubavu wa kushoto. Kulegeza mkaba au kikwembe kilichofungwa sana. Kuacha lutuku na tumbaku, jambo ambalo kila mtu anajua ni gumu. Na kuacha ile tabia ya kusafisha koo kila dakika, maana inalichubua. Afazali kunywa maji kidogo-kidogo. Haya yote yanataka wiki nyingi, si siku tatu, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kurudia ulizo la alikula kwa nani.

Liko jambo moja ambalo halitaki kungojea. Chakula chenyewe kikianza kukwama, kwanza bukari, kisha uji. Mtu akikonda bila sababu. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu. Koo ikiuma upande mmoja. Au uvimbe ukishikika kwa mkono shingoni, hilo si donge la kusikia tu. Kansa ya njia ya chakula ni ugonjwa mkubwa katika Afrika ya Mashariki. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, inajulikana kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo. Uvimbe wa shingo unaweza kuwa rovu. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali kuu, na kutoka pale atumwe Kamina au Lubumbashi, hata kama safari ni ndefu. Feza za jamaa zitumike hapo, si kwa mkata kimio.

Malemba-Nkulu, Mulongo na Mukanga ni zone za afya zenye wauguzi na wahamasishaji wanaopita nyumba kwa nyumba kusema juu ya kolera na surua. Dakika mbili za kuongeza maneno juu ya donge la kooni hazingewachosha. Wachungaji na machifu wangeweza kufanya vilevile, maana ndio wanaoitwa wa kwanza mashitaki yanapoanza. Chifu anayeletewa kesi ya sumu aanze na ulizo moja rahisi: akila, kinapita au hakipiti? Kama kinapita, amtume mgonjwa kwenye kituo cha afya, na mshitakiwa arudi nyumbani kwake.