Nyundo na Koleo

Wazazi wapenzi, wengi wenu mna mtoto anayesoma mbali na nyumbani, na swali lenu la kwanza ni hili: je, huko atakaa na nani? Swali hilo si dogo. Mwanafunzi huwa na mwalimu saa chache, bali na wenzake huwa nao mchana na usiku. Kwa hiyo juma hili twawasimulia habari za chama kimoja cha wanafunzi wa Marekani, kilichozaliwa katika kazi ambayo wasomaji wetu wa Katanga wanaijua vema: kazi ya madini.

Tarehe 15 Oktoba 1904, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, vijana wanne walianzisha shirika la udugu. Majina yao ni Erich Schrader, Elwin Vinal, William Lewis na Isaac Hanks. Siku zile chuma kilikuwa kikichimbwa kwa wingi katika vilima vya Mesabi, na migodi ilihitaji watu wenye elimu. Vijana hao wakakiita chama chao Nyundo na Koleo. Jina zuri, kwa maoni yetu. Maana mhunzi hashiki chuma chenye moto kwa mkono mtupu, wala koleo peke yake halifui jembe.

Vyama vya wanafunzi vyenye majina ya herufi za Kiyunani vilikuwako tayari, lakini vingi havikutazama mtu anajifunza kazi gani. Hawa wanne walitaka udugu wa watu wa kazi moja, udugu usiokoma siku ya kupokea cheti. Mwaka 1906 tawi la pili lilifunguliwa katika chuo cha migodi cha Houghton, huko Michigan, penye shaba nyingi. Mwaka 1907 la tatu, katika chuo cha migodi cha Colorado. Mwaka 1911 wakaliacha jina la kihunzi, wakatwaa herufi mbili za Kiyunani: Theta Tau. Sisi tungalipenda lile la kwanza lidumu. Hata hivyo nyundo na koleo vimebaki katika alama yao. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa mainjinia wa kila namna, na katika miaka ya 1970 kwa wanawake pia.

Sasa tufike kwenye habari ya huzuni, wala hatutaificha. Mwezi wa Aprili 2018, katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, zilionekana filamu za vijana wa tawi la pale. Walikuwa nyumbani mwao, wakiigiza mchezo. Mmoja akaapishwa kwa kiapo cha kuwachukia watu Weusi, Wayahudi na wengine, na wenzake wakacheka. Walipoulizwa, walijitetea kwamba ulikuwa mzaha tu.

Wazazi, kumbukeni kwamba wanafunzi Weusi walikuwa wakiketi nao katika madarasa yale yale, wakijifunza hesabu zile zile. Mtoto wenu akiwaandikia kwamba ameingizwa katika chama fulani, msiridhike na jina lake. Mwulizeni pia wenzake hucheka nini wakiwa peke yao.

Chuo kililifukuza tawi lile kabisa, na baadhi ya vijana wakasimamishwa masomo.