Punje za Sataranji na Mpango wa "Leta Wawili"



Wasomaji wapenzi, Kadhi Ibn Khallikan, aliyefariki Dameski mwaka 1282, amesimulia kisa cha mfalme wa Bara Hindi na mwenye hekima aliyemtungia mchezo wa sataranji. Hukumu ya mchezo wenyewe si maudhui yetu leo. Mwenye hekima alipotakiwa achague zawadi, aliomba punje moja ya ngano kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na kuendelea maradufu hadi zitimie nyumba zote 64. Mfalme aliliona ombi dogo, lakini makatibu walipopiga hesabu, ngano yake haikutosha. Kadhi mwenyewe hakusadiki hadi mhasibu mmoja wa Iskandaria alipomwonyesha hesabu hiyo.

Idadi ya punje ni 18,446,744,073,709,551,615, tarakimu 20. Al-Biruni, aliyemtangulia Kadhi kwa zaidi ya miaka 200, aliipata kwa njia fupi. Zidisha 16 kwa 16, upate 256. Zidisha 256 kwa yenyewe, upate 65,536. Hiyo nayo kwa yenyewe, upate 4,294,967,296. Zidisha mara moja zaidi, kisha uondoe moja.

Katika idadi hii mna sifa inayotuhusu majumbani mwetu: kila nyumba ya ubao huzishinda kwa punje moja nyumba zote zilizoitangulia zikijumlishwa. Moja, mbili na nne ni saba. Nyumba ifuatayo ni nane. Ndivyo ilivyo hadi nyumba ya 64.

Sasa tuupime mpango unaosambazwa kwa simu, hasa kwa kina mama: toa shilingi 1,000, leta wawili, nao walete wawili, upate faida. Huo ni ubao ule ule. Katika duru ya kumi huingia watu 512, na waliowatangulia wote ni 511. Mpango ukikatika hapo, hao 512 hawana wa kuwalipa. Ukikatika duru ya tano au ya ishirini, hali ni hiyo hiyo: waliopoteza ni zaidi ya nusu. Wala hauwezi kuacha kukatika. Kufikia duru ya 26 utahitaji watu zaidi ya milioni 67, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.5.

Usichanganye jambo hili na mchezo wa kina mama. Wanawake 12 wakitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kila mmoja hupokea 12,000 kwa zamu yake, na katika mwaka ametoa 12,000. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua.

Mtume wetu (s.a.w.) amekataza biashara ya gharar, na Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, ametukataza kulana mali kwa batili. Basi dada yangu, jirani akikuletea mpango huo, muulize jambo moja: faida hii yatoka mfukoni mwa nani? Akikujibu kuwa yatoka kwa watakaokuja baada yako, zuia fedha yako, na umzuie naye kwa upole, kwani huenda mwenyewe ameshaahidiwa.

Wabillahi tawfiq.