Si Kila Ugomvi ni Ugomvi

Kuna neno moja ambalo sisi akina mama tunalibebesha mizigo mingi mno. Neno hilo ni "wamegombana." Watoto wawili waliovutana sahani ya wali, wamegombana. Mama mkwe na mkaza mwana ambao hawajaamkiana tangu Pasaka, wamegombana. Na yule jirani aliyetoka nje usiku miguu mitupu, damu ikimtoka puani, asubuhi kisimani tunaambiana kwamba aligombana na mumewe. Mwezi huu tunaomba tuyatenge mambo haya, kila moja na jina lake.

Lugha yetu haina upungufu wa majina. Ubishi ni wa maneno, tena wakati mwingine unachangamsha nyumba. Ugomvi una hasira ndani yake, lakini kwa kawaida jua halizami mara mbili kabla haujapoa. Mgogoro ni kitu kingine. Zamani neno hili lilitumika pia kwa kitu kinachoziba njia, na ndivyo ulivyo: waweza kuukwepa leo, kesho ukipita unaukuta palepale. Kiwanja alichokiacha marehemu baba bila wosia ni mgogoro, hata kama ndugu wote wanacheka pamoja harusini. Kinyongo hakina sauti kabisa. Chakula kinapikwa, nguo zinafuliwa, ila hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Vita hatuhitaji kufundishwa sisi wa Kigoma. Tuliwaona wenzetu wa Burundi wakikimbia mwaka 1972, tena 1993, na wa Kongo wakivuka ziwa mwaka 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa. Tuligawana nao maji na vyungu. Wala hatukumwuliza mama aliyeshuka botini na mtoto mgongoni kwa nini hakuvumilia kwao.

Sasa turudi nyumbani. Tuchukue nyumba ya mvuvi wa dagaa pale Kasingirima, yaweza kuwa yako au ya jirani yako. Baba huingia ziwani siku za giza, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina kazi, naye hushinda nyumbani. Fedha huja na giza na huondoka na mbalamwezi. Ndiyo maana katika nyumba kama hiyo maneno huanza mwezi ukijaa: ugali umepoa, mtoto ana kelele, shemeji kaja bila taarifa. Ukisikiliza maneno yenyewe utadhani ni ugomvi wa ugali. Mama naye ana fedha kidogo za kuanika na kuuza dagaa, amezifunga kwenye kanga kwa ajili ya rejesho la VICOBA, na baba anajua zilipo. Hapo ndipo penye jambo. Huo ni mgogoro wa fedha uliovaa nguo za ugomvi, na kuomba radhi kwa ajili ya ugali hakutausogeza.

Mwaka 2024 jambo hili lilizidi. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wapate kuzaliana. Samaki walikuwa wamepungua, hilo hata wavuvi walilisema. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayelisha watoto kwa alichopata jana usiku. Mgogoro ulikuwa wa ziwa zima, ila uliingia kila nyumba kwa mlango wake. Kwa jambo la namna hii tunashauri daftari. Kaeni wawili mchana, wakati wa giza fedha zinapoingia, muandike: hii ya ada, hii ya rejesho, hii ya siku za mbalamwezi. Msingoje mwezi ujae ndipo mzungumze. Tunajua wako waume wasiotaka kuona daftari. Hata hivyo, anza na lako.

Na yule jirani wa damu puani? Hapo hatukubaliani na methali zetu. Tunasema vyombo kabatini havikosi kugongana, tunavuta shuka. Lakini vyombo vinapogongana, vyote viwili hugonga. Ugomvi ni wa watu wawili. Mtu mmoja akipiga na mwingine akijikinga uso, hapo hakuna ugomvi, kuna kupigwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumpiga mwenzake kwa kumwadhibu. Sheria hiyo ina umri zaidi ya wengi wanaosoma ukurasa huu, lakini bado kuna wazee wanaomrudisha binti na kumwambia akapike vizuri.

Kwa hiyo na njia ziwe tofauti. Mgogoro wa ndoa una baraza la usuluhishi, la kata au la dini yenu, na kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Huko mtasikilizwa wote wawili. Aliyepigwa asianzie kwenye kikao cha kupatanishwa. Aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu PF3, kisha atibiwe. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza.

Asiyeweza kwenda usiku huo anahitaji mlango wa jirani ufunguliwe anapobisha. Na ambaye anaona mambo yanaelekea huko, aweke cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto na daftari la VICOBA kwa mtu anayemwamini. Si lazima awe ndugu.