Mgala muue na haki mpe: Msanii alipwe na jina lake litajwe

KILA wapiga filamu wanapoingia Kibera au Kawangware, vijana wa mitaa hiyo hupata kibarua cha siku moja au mbili. Mmoja hucheza ngoma, mwingine huimba, wa tatu huigiza. Jioni hutia saini karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, wakapokea ujira na kurejea nyumbani. Filamu itakapotazamwa ng'ambo, huenda majina yao yasiwemo.

Swali ni hili: Kijana huyo alipopokea ujira, je, aliliuza na jina lake?

Mikataba ya kimataifa yajibu kwamba hakuliuza. Hata hivyo, jibu hilo lilichelewa mno. Mkataba wa Berne ulimpa mtunzi haki za kimaadili mwaka wa 1928: atajwe kuwa mwenye kazi, na aweze kupinga kazi hiyo ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Mwimbaji na mwigizaji hawakukumbukwa. Hata Mkataba wa Roma wa 1961, uliowahusu wao hasa, ulilinyamazia suala hilo.

Mwimbaji alifikiwa mwaka wa 1996 na mkataba wa WPPT, chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la WIPO. Mwigizaji wa filamu alisubiri Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020. Mikataba yote miwili yasema kuwa haki hizi ni mbali na zile za fedha, na kwamba msanii hubaki nazo hata akishauza zile nyingine.

Lakini mianya ipo. Kwanza, jina laweza kuachwa iwapo namna kazi inavyotumiwa yalazimisha hivyo. Pili, mikataba haikukataza msanii kuziachilia haki zake kwa maandishi. Nchini Uingereza, kanuni za 2006 zilizowapa wasanii haki hizo zawaruhusu pia kuziachilia. Tatu, si kila anayeonekana kwenye picha huhesabiwa kuwa msanii. Sheria ya Ufaransa, kwa mfano, humwacha nje yule wa kujazia mandhari tu.

Hapo ndipo karatasi ile ya jioni inapokuwa na uzito. Sentensi moja isiyoeleweka yaweza kuondoa kile ambacho mataifa yalijadili kwa miaka mingi.

Humu nchini, mjadala wa wasanii umeegemea sana mirabaha. Si kosa, kwani njaa haina subira. Hata hivyo, kwa msanii chipukizi jina ndilo huleta kibarua cha pili na cha tatu. Na katika enzi hii ambapo kompyuta yaweza kuiga sauti ya mtu na kumlisha maneno asiyoyasema, haki ya kupinga upotoshaji si anasa tena.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 chaitaka serikali kulinda hakimiliki za Wakenya. Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) ingeanza na jambo dogo: mkataba wa mfano, kwa Kiswahili, usomwe kabla ya kazi kuanza. Nao viongozi wa vikundi mitaani waweke orodha ya kila aliyeimba, aliyecheza na aliyeigiza. Asiyeandikwa popote atadai haki yake kwa ushahidi gani?