Mshale unasoma 88, kamera inaona 94: Spidomita mbovu inaweza kukutoa ngiri tatu

Chukua hii picha. Umeingia Expressway pale Mlolongo, ni usiku, barabara iko wazi. Limit ni 80. Unajua umezidisha kidogo, mshale uko 88, lakini unajiambia hata wakikudaka ni jirongo tu. Kumbe ndai inakimbia 94. Hapo si jirongo tena buda, hapo ni ngiri tatu.

Hiyo hesabu sijaitoa hewani. Sheria ndogo za makosa ya barabarani za 2016 ziligawa makosa ya spidi kwa ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 unapewa onyo. 6 hadi 10 ni shilingi 500. 11 hadi 15 ni 3,000. 16 hadi 20 ni 10,000. Cheki vile ngazi moja ni kilomita tano peke yake. Sasa spidomita ya ndai imezeeka inaweza kukosea zaidi ya hizo tano na usijue kwa miaka. Mtaani tunabishana kila siku kamera zimewekwa wapi na hizo faini zinaenda kwa mfuko wa nani, lakini ni wachache huuliza kama ile mita ya dashibodi inasema ukweli ama inatubeba ufala.

Na usidhani utajitetea nayo. Sheria ya Traffic inasema mtu mmoja kudai tu eti "niliona anakimbia" haitoshi kukufunga, so ushahidi ni mashine ya makarao. Hiyo mashine inapima spidi ya gari kwa lami. Mshale wako ulikuwa unasema nini, hiyo ni story yako na dashibodi yako.

Kwa kawaida spidomita hutengenezwa izidishe kidogo. Kanuni ya UN namba 39, ile inafuatwa Ulaya, inasema mshale usiwahi kuonyesha spidi ya chini kuliko ile ya ukweli. Ndio maana kwa gari mob, ukisoma 100 kwa dashibodi unapata GPS inasema 95 hivi. Uongo kama huo ni wa kukulinda, uache tu.

Lakini ndai zetu nyingi ni za Japan, na zilikuja kama zishatumika. Kule kwa inspection gari huwekwa juu ya rola, dashibodi ikisoma 40 wanaangalia spidi ya ukweli ni ngapi. Kwa gari za hadi mwisho wa 2006, ukweli ukiwa popote kati ya 31 na 44.4, imepita. Za kuanzia 2007 mwisho ni 42.55. Yaani gari ya kitambo ingeweza kupita mtihani na mshale wake uko chini ya ukweli kwa asilimia 10. Sisemi zote ziko hivyo. Nasema zile mathao ya ndai za namba za KA na KB tunaendesha ni za hiyo rika, na labda mara ya mwisho mtu kupima hiyo mita kwa rola ilikuwa hukohuko Japan.

Halafu ikafika hapa, na sisi tukaanza kuipimp.

Mshukiwa wa kwanza ni tairi. Spidomita haioni barabara. Inahesabu tu mizunguko ya giaboksi, halafu inaamini tairi ni ile ya kiwanda. Tuseme kagari kako kalikuja na 175/65R14. Hiyo tairi ina kimo cha milimita 583. Matuta yakakuchosha, ukaweka rimu za inchi 15 na tairi za 185/65R15 ndio ndai isimame juu kidogo. Hizo ni milimita 621. Kila mzunguko sasa unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 6.6, na mshale hauna habari. Kama mita yako ilikuwa inasoma sawasawa, 88 imekuwa 94. Hiyo ndiyo ile ngiri tatu ya Expressway. Kama ilikuwa inazidisha kidogo vile Wazungu wanataka, una bahati, makosa mawili yamekatana na sasa unasoma karibu na ukweli. Utajuaje? Unapima.

Kupima ni bure. Washa GPS kwa simu, hata Google Maps inaonyesha spidi, lakini ashike abiria. Wewe ukishika hiyo ni kesi ingine. Tafuta barabara iliyonyooka na iko wazi, shikilia 40 bila kubadilisha kwa sekunde kumi hivi, abiria asome. Rudia 60, rudia 80. Usisome ukiwa unaongeza moto, GPS huchelewa kidogo. Andika zote tatu, kwa sababu vile makosa yamekaa ndiyo yanakuambia ugonjwa.

Kama makosa yanakua na spidi, tuseme 3 ukiwa 40 na 6 ukiwa 80, hiyo ni tairi ama gia. Giaboksi ikibadilishwa ikawekwa ingine ya ex-Japan iliyotoka kwa modeli tofauti, kale kagia kadogo ka plastiki kanakozungusha spidomita kanaweza kuwa na meno tofauti. Dawa ni kurudisha saizi ya tairi ya kiwanda (imeandikwa kwa fremu ya mlango wa dereva), ama kutafuta hako kagia sahihi. Ukienda Grogan, beba ka zamani mkononi mhesabu meno pamoja. Usikubali kuambiwa "zote ni moja".

Kama makosa ni yaleyale kila mahali, 8 ukiwa 40 na bado 8 ukiwa 80, shida iko kwa mshale wenyewe. Hii wasee wa kuweka taa za LED kwa dashibodi wanaijua lakini hawasemi. Ili wabadilishe taa lazima wang'oe mshale, halafu wanaurudisha kwa macho. Ukirudishwa vibaya kidogo tu, unadanganya maisha yake yote. Hapo hakuna kitu cha kununua. Ni kuurudisha pole pole ukilinganisha na GPS.

Mshale ukiwa unarukaruka kama uko kwa reggae, na gari ni ya zile za kebo, kebo imekauka ama imepindika. Itolewe, isafishwe, ipakwe grisi, na kama imechanika weka mpya. Mshale ukiwa umekufa kabisa, cheki kilomita kwanza. Kama zinaendelea kuhesabu, gari inapata habari ya spidi, so ubovu uko ndani ya dashibodi, mara nyingi ni soda imepasuka. Kama kilomita nazo zimesimama, angalia kebo, kagia, ama kwa gari za umeme wa sensa, sensa ya spidi kwa giaboksi na waya zake. Hiyo sensa ikikufa kuna gari inawasha taa ya injini, code P0500, na otomatiki inaanza kubadilisha gia vibaya. Fundi asiuze giaboksi mzima kabla hajachomoa hiyo soketi akaisafisha.

Mimi nikiangalia hii kitu, naona serikali iko na deni hapa. Wakitaka kutukata faini kwa ngazi za kilomita tano tano, waweke pia rola kwa inspection na wakuambie spidomita yako iko off kwa kiasi gani. Mathree angalau tangu enzi za Michuki, 2004, zinafaa kuwa na kidhibiti mwendo cha 80. Mwenye kagari kake ameachiwa mshale na maombi.

Kabla fundi afungue dashibodi, piga picha ya kilomita ndai ikiwa imewashwa. Kuna wale wakiingia hapo ndani wanatoka na gari imezaliwa upya, kilomita elfu tisini zimepotea, na ukija kuiuza wewe ndio utaonekana mwizi. Akimaliza, usimpe doh yote. Ingieni ndai nyinyi wawili, yeye ashike simu, mpime tena 40, 60 na 80.